Robo ekari ya Shakespeare na baraza la Rowington

Mwaka 1602 William Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alishughulikia ardhi mara tatu, na kila mara kwa njia yake. Mwezi Mei alinunua ekari 107 za mashamba kando ya mji wake wa Stratford-upon-Avon, kutoka kwa William Combe na John Combe, kwa pauni 320. Hati alikabidhiwa mdogo wake Gilbert kwa niaba yake. Vuli ya mwaka huohuo aliimarisha umiliki wa nyumba yake kubwa, New Place, kwa kesi katika mahakama ya Westminster. Katikati ya hayo mawili, tarehe 28 Septemba, jina lake liliandikwa kwenye kumbukumbu za baraza la manori ya Rowington, kijiji kilicho kaskazini mwa Stratford. Safari hii ilikuwa ni kijumba na bustani ya robo ekari, ng'ambo ya njia inayopita ubavuni mwa New Place.

Ekari 107 zina hadithi fupi: pesa, hati, muhuri, basi. Robo ekari ndiyo yenye mambo. Kuipata kulihitaji bwana, msimamizi, karatasi ya ngozi, kundi la majirani walioapishwa, na maneno ya Kilatini ambayo mtu akiyasoma haraka ataapa kwamba muuzaji aliitoa nyumba yake zawadi.

Tuanze na neno lenyewe, manori. Manori si jumba, ingawa mara nyingi jumba lilikuwepo. Manori ni fungu la haki alilokuwa nalo bwana mmoja juu ya ardhi fulani na watu walioishika: haki ya kupokea kodi, ya kuitisha baraza, ya kutoza hiki na kile mtu akifa au akiuza. Kwa kuwa ni fungu la haki, halikulazimika kuwa na mpaka mmoja uliozungushwa kama ua. Kijumba tunachokizungumzia kilikuwa ndani ya mji wa Stratford, lakini kilihesabiwa kuwa cha manori ya Rowington, ambayo bibi yake wakati huo alikuwa Anne, mjane wa Ambrose Dudley, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Warwick. Parokia moja iliweza kugawanywa na manori mbili au tatu, na manori moja ikatapakaa parokia kadhaa. Ukitafuta ramani inayolingana na mipaka ya kijiji utachoka bure.

Ndani ya manori ardhi ilikuwa ya namna mbalimbali. Kulikuwa na mashamba ya bwana mwenyewe, aliyoyalima au kuyakodisha kwa miaka maalumu. Kulikuwa na ardhi huru, ambayo mwenyewe alimlipa bwana kitu kidogo tu na tangu sheria ya mwaka 1290 aliweza kuiuza bila kuomba ruhusa. Halafu kulikuwa na ardhi iliyoshikwa kwa desturi ya manori, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Asili yake haina heshima. Ilikuwa ardhi ya watwana, watu waliomlimia bwana siku kadhaa kwa wiki na ambao mahakama za mfalme hazikuwatambua dhidi yake. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 ilipoua watu wengi kiasi cha kufanya mikono ya kulima iwe adimu, mabwana walianza kulegeza. Kazi za lazima ziligeuzwa kuwa kodi ya fedha. Kufikia karne ya 16 utwana ulikuwa umefifia, lakini utaratibu wa ardhi ulibaki: mpangaji alishika kwa mapenzi ya bwana kulingana na desturi ya manori. Hayo mapenzi ya bwana yalikuwa maneno ya heshima tu. Nguvu ilikuwa kwenye desturi. Mwishoni mwa miaka ya 1500 mahakama za mfalme zenyewe zilikubali kumlinda mpangaji wa namna hii hata bwana wake akitaka kumtoa. Ndiyo maana mtu mwenye nyumba ya pili kwa ukubwa mjini hakuona aibu kushika kwa mtindo uliokuwa wa watwana.

Ushahidi wake ulikuwa nini? Nakala. Baraza lilikuwa na karani au msimamizi aliyeandika kila shughuli kwenye mikanda ya ngozi iliyoshonwa pamoja na kuviringishwa. Mpangaji alipewa kipande cha ngozi chenye maneno yaleyale yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu ile. Kwa hiyo aliitwa mshika nakala, na ardhi yake ardhi ya nakala. Fikiri jambo hilo kidogo: asili ilikaa kwa bwana, na mwenye shamba akawa na kivuli chake. Bwana akipoteza kumbukumbu, au moto ukizila, nakala zilizofichwa masandukuni mwa wapangaji ndizo zilizobaki kusema nani ni nani.

Sasa uuzaji wenyewe. Mshika nakala hakuweza kumpa mnunuzi ardhi mkono kwa mkono, kwa sababu kisheria ardhi ilikuwa ya bwana. Alichoweza ni kuirudisha. Katika manori nyingi muuzaji alikwenda barazani, akashika fimbo, na kuikabidhi kwa msimamizi: hapo ardhi imerudi kwa bwana. Lakini aliirudisha kwa sharti, akitamka kwamba anafanya hivyo kwa matumizi na faida ya fulani na warithi wake. Msimamizi naye akamnyooshea fimbo ileile huyo fulani, na huyo akipokelewa amekuwa mpangaji. Sehemu nyingine walitumia glavu au unyasi badala ya fimbo. Mnunuzi alilipa ada, akaapa utii kwa bwana, akaandikwa.

Maandishi ya Rowington yanasema kwamba Walter Getley, kwa kupitia mwakilishi wake ambaye alikuwa mpangaji mwenzake, alisalimisha kijumba mikononi mwa bibi wa manori kwa matumizi ya William Shakespeare na warithi wake milele. Bei haikutajwa. Hilo ni jambo la kawaida kabisa katika kumbukumbu hizi, na ndipo wasomaji wa leo wanapojikwaa: kwa baraza, pesa iliyopita kati ya muuzaji na mnunuzi ilikuwa siri yao. Baraza lilitaka kujua nani atalipa kodi kuanzia leo. Kisha kuna kifungu kidogo kinachonifurahisha. Mnunuzi hakutokea. Basi ikaandikwa kwamba kijumba kibaki mikononi mwa bibi hadi hapo huyo Shakespeare atakapokuja mwenyewe kukipokea. Mtu alikuwa London na shughuli zake, na robo ekari inamsubiri kama mzigo stendi. Alikipokea baadaye, kwa kuwa katika orodha ya wapangaji iliyofanywa mwaka 1604 anaonekana akishika kijumba na bustani inayokadiriwa robo ekari, kwa kodi ya shilingi 2 na peni 6 kwa mwaka. (Shilingi hiyo ndiyo bibi wa hii yetu, 20 zilifanya pauni, na kila moja ilikuwa na peni 12.)

Mtu akiugua na hawezi kusubiri baraza, desturi ilimruhusu asalimishe kitandani mwake, mikononi mwa wapangaji wawili au ofisa wa manori. Wao walikwenda kulitangaza barazani kikao kilichofuata. Mtu akitaka kukopa kwa dhamana ya shamba, aliandikisha usalimishaji wa masharti: ardhi ni ya mkopeshaji endapo deni halitalipwa siku fulani, na likilipwa maneno hayo yote ni bure. Ndiyo maana si kila usalimishaji unaouona kwenye kumbukumbu ni mauzo. Mwingine ni mkopo, mwingine ni mama anayejipanga pamoja na mwanawe, mwingine ni mtu anayejiandaa kufa.

Ada ya kupokelewa inastahili aya yake. Sisi tungeiita kilemba, na nadhani ni jina linaloikaa vizuri kuliko lile la Kiingereza, ambalo ndilo lililotupa neno faini. Kwa Kilatini chanzo chake ni neno lenye maana ya mwisho: malipo yanayomaliza jambo. Hivyo ukikuta mtu ametozwa faini ya pauni kadhaa siku aliyorithi shamba la baba yake, hakukosa lolote, amelipa kilemba. Aliyekosa alitozwa kitu kingine, kidogo zaidi, chenye jina lake. Na kana kwamba hiyo haitoshi, ile kesi ya New Place nayo iliitwa faini, kwa sababu ilikuwa mapatano yanayomaliza shauri. Ukiongeza na faini ya mkosaji wa leo, mambo matatu, jina moja.

Kilemba ndicho kilichogombanisha mabwana na wapangaji kuliko kitu kingine chochote katika kipindi hiki. Kodi za mwaka zilikuwa zimeganda kwa desturi. Bei za nafaka zilipanda mara kadhaa kati ya mwaka 1500 na 1640, lakini shilingi 2 na peni 6 zilibaki shilingi 2 na peni 6. Bwana aliyetaka kufidia hasara alikuwa na mlango mmoja tu: siku ardhi inapobadili mikono. Wapangaji wakasema kwao kilemba kimewekwa na desturi, labda kodi ya mwaka mmoja au miwili, hakiongezeki. Bwana akasema kwake ni hiari yake. Kesi zikafika London, wazee wakaapishwa kueleza walichokiona utotoni, mikanda ya ngozi ikakunjuliwa. Katika karne ya 17 majaji walifikia msimamo kwamba hata pale kilemba kilipokuwa cha hiari kisizidi thamani halisi ya shamba kwa miaka miwili. Mpangaji alipokufa kulikuwa pia na deni la mnyama bora: bwana alichukua ng'ombe au farasi aliye mzuri kuliko wote zizini, na asiye na mnyama alitoa kifaa kizuri cha nyumbani au pesa.

Baraza lenyewe lilikuwa mawili ndani ya moja, na hapo pia watu huchanganya. Kulikuwa na baraza la bwana, lililohusu ardhi, madeni madogo na desturi za mashamba. Na kulikuwa na baraza la amani, ambalo bwana aliliendesha kwa idhini ya mfalme, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, karibu na Pasaka na karibu na sikukuu ya Malaika Mikaeli tarehe 29 Septemba. Hilo lilishughulikia ugomvi wa damu, pombe, mizani, barabara zilizozibwa, na kuchagua maofisa. Kwa vitendo yalikaa siku moja, chumba kimoja, na kuandikwa kwenye ngozi moja. Lile la Rowington la mwaka 1602 lilikuwa hivyo. Ndiyo sababu kiwanja cha mwandishi mashuhuri kinaweza kukaa ukurasa mmoja na mtu aliyeacha nguruwe wake wazurure.

Na maofisa? Hapa inafaa tumwache mwana tumtazame baba. John Shakespeare, mtengeneza glavu, anaonekana kwa mara ya kwanza Stratford tarehe 29 Aprili 1552, akitozwa shilingi 1 pamoja na majirani wawili kwa kuweka jaa la taka barabarani, Henley Street, badala ya kulipeleka mahali palipotengwa. Miaka minne baadaye baraza hilohilo liliandika kwamba amepata nyumba mbili mjini, moja kwenye Henley Street. Mwaka huohuo, 1556, mtu wa jaa akachaguliwa kuwa muonja pombe.

Cheo hicho kinachekesha, lakini kilikuwa kazi. Tangu karne ya 13 sheria ilipanga bei na ubora wa pombe na uzito wa mkate kufuatana na bei ya nafaka. Muonja pombe alipita kwa wapika pombe na waokaji, akaonja, akapima, akarudi barazani na majina. Mwaka 1558 John akawa konstebo, anayetakiwa kutuliza ugomvi, kunyang'anya silaha na kuwakamata wakorofi. Mwaka 1559 akawa mmoja wa wakadiriaji, yaani wale walioapishwa kupanga kila mkosaji alipe kiasi gani. Ngazi hiyo ilimfikisha mwaka 1568 kwenye kiti cha mkuu wa mji. Stratford ilikuwa na halmashauri yake tangu 1553, kwa hiyo si manori ya kijijini tupu, lakini vyeo vya chini alivyoanzia ndivyo vilivyokuwa katika manori kote nchini.

Kijijini orodha ilikuwa na sura nyingine. Kulikuwa na mnyapara, mpangaji aliyekusanya kodi za wenzake na kujibu kwa bwana kama zimepungua. Kulikuwa na mlinda mashamba, aliyehakikisha ua umezibwa baada ya kupanda na mifugo haiingii kabla mavuno hayajatoka. Kulikuwa na mtunza zizi la kijiji, alikofungiwa ng'ombe aliyekamatwa shambani kwa mtu hadi mwenyewe alipe. Mahali penye ngozi kulikuwa na wakaguzi wa ngozi. Penye msitu, mlinzi wa msitu. Wote hawa walikuwa watu wa hapohapo, walichaguliwa kwa mwaka mmoja, kwa kawaida hawakulipwa mshahara, na aliyekataa alitozwa. Katika manori nyingine zamu ilifuata nyumba na si mtu: ukinunua shamba fulani umenunua na mwaka wake wa unyapara, upende usipende. Wajane waliotokewa na zamu walimlipa mtu awashikie.

Mmoja tu alikuwa wa nje, naye ndiye msimamizi aliyeongoza kikao. Kwa kawaida alikuwa mwanasheria, alisimamia manori kadhaa kwa ajili ya bwana mmoja au wengi, alipata ujira kwa kila nakala aliyoandika, na mara nyingi alimtuma naibu. Rowington siku ile kiti kilikaliwa na naibu. Msimamizi alijua sheria, lakini hakujua mashamba. Hakuweza kusema mpaka wa fulani unaishia kwenye mti gani, wala kama marehemu aliacha mtoto wa kiume. Hayo aliambiwa na baraza la walioapishwa, mara nyingi watu 12, wapangaji wenyewe. Wao ndio waliotaja nani amekufa, nani mrithi wake, ng'ombe gani ni bora, nani amekata mti mkubwa bila ruhusa au kukodisha shamba zaidi ya mwaka na siku moja, kosa lililoweza kumpotezea ardhi. Mrithi asipojitokeza aliitwa vikao vitatu mfululizo kabla bwana hajaichukua. Yeyote aliyewahi kununua kiwanja kwetu huku muuzaji akiita majirani wa mpakani na mjumbe waje washuhudie atawaelewa watu hao bila kuelezwa zaidi.

Desturi walizozitangaza zilitofautiana kutoka manori moja hadi nyingine, hata zinazopakana. Hapa anarithi kifungua mimba, pale kitinda mimba. Hapa mjane anabaki na nyumba yote, pale theluthi, na akiolewa tena anaipoteza. Kuhusu Enborne, Berkshire, ilisimuliwa kwamba mjane aliyepoteza nyumba kwa kukutwa na mwanamume aliweza kuirudisha kwa kuingia barazani amepanda kondoo dume mweusi, uso kwa mkia, akiimba ubeti wa kujidhihaki. Sijui kama kondoo yeyote alipandwa kweli kweli. Lakini hadithi yenyewe inaonyesha ni nani aliyekuwa akicheka barazani.

Ukilinganisha na haya, ile kesi ya New Place ilikuwa mchezo wa kuigiza. Mnunuzi alimshtaki muuzaji kana kwamba amevunja ahadi, wakapatana mbele ya majaji, na mapatano yakaandikwa mara tatu kwenye ngozi moja iliyokatwa kwa mstari wa mawimbi: kipande kwake, kipande kwa mwenzake, na cha chini kikabaki mahakamani. Shakespeare alifanya hivyo mwaka 1597 alipoinunua nyumba kwa William Underhill. Miezi miwili baadaye Underhill alikufa kwa sumu aliyopewa na mwanawe Fulke, ambaye alinyongwa. Ilibidi kungoja mdogo wake Fulke, Hercules, afikie utu uzima ili mapatano yarudiwe mwaka 1602. Hakuna jirani hata mmoja aliyehitajika kwa hilo.

Robo ekari iliwahitaji hadi mwisho. Sheria ya mwaka 1540 iliruhusu ardhi nyingi huru igawiwe kwa wosia, lakini ardhi ya nakala haikuingia. Wosia pekee haukuihamisha, ilibidi usalimishaji barazani. Ndiyo maana katika wosia wa Shakespeare wa Machi 1616, wenye kufuatilia vitanda na vikombe, kuna sharti kwa binti yake Judith. Pauni 50 za fungu lake atazipata endapo atasalimisha kwa dada yake Susanna haki yoyote atakayokuwa nayo katika kijumba cha Stratford kilichoshikwa kwa manori ya Rowington. Baba hakuwa na uwezo wa kuiandika ardhi kwa Susanna kama alivyoandika New Place. Aliweza tu kuweka bei juu ya mkono wa Judith.

Kilatini kilitoka barazani mwaka 1733, baada ya mapumziko mafupi wakati wa Jamhuri, Uingereza ilipokuwa haina mfalme, miaka ya 1650. Makonstebo na matunzo ya barabara na maskini yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa parokia na mahakimu. Ardhi ya nakala yenyewe ilikoma tarehe 1 Januari 1926, ilipogeuzwa yote kuwa ardhi huru kwa sheria moja. Lakini huko Laxton, Nottinghamshire, ambako mashamba ya wazi bado yanalimwa, kila mwisho wa Novemba watu walioapishwa hutoka kukagua shamba lililopandwa ngano. Wakiona mtu amelima hadi ndani ya njia ya wote, wanapigilia kigingi mpakani, na wiki inayofuata anatozwa.